Kama hakukuwa na waya, pesa zilikwenda wapi?

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa kidato cha tatu, Tanga. Nilipokuwa nafundisha mawimbi ya sumakuumeme niliwaambia wanafunzi kwamba Marconi alivusha herufi S juu ya Atlantiki mwaka 1901, na kwamba tangu hapo miji mikubwa ikawa inapelekeana telegramu bila waya kwa bei chee. Msichana mmoja akanyoosha mkono: kama hakukuwa na nguzo wala waya wa kununua, mbona makampuni hayo yalihangaika kifedha miaka mingi, na mbona watu waliendelea kulipia kebo za baharini? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Je, wenye kebo waliwahujumu? Gharama zilikuwa wapi hasa? Halafu, maabara yetu ina koili ya zamani ya kutoa cheche. Nataka kuitumia kuwaonyesha mtambo wa Marconi ulivyofanya kazi. Inafaa?"*

Marahaba, mwalimu. Msichana huyo mfikishie hongera zangu, maana swali lake ndilo walilokuwa nalo wenye hisa wa kampuni ya Marconi, yule Mwitaliano wa telegrafu isiyo na waya, kwa zaidi ya miaka 10. Kampuni ilianzishwa London mwaka 1897, na miaka ya kwanza ya karne iliyofuata ilipita bila wao kuonja gawio. Jibu fupi ni hili: pesa zilizookolewa katikati, pale ambapo waya haukuhitajika, zililipwa kwenye ncha mbili za safari, na zikalipwa tena kwa saa ambazo mtambo ulikuwa umewashwa lakini ujumbe haupiti. Jibu refu linahitaji subira kidogo.

Tuanze kwa kuitenganisha ile herufi S na huduma ya biashara, kwa sababu vitabu vingi vya shule vinaviunganisha kana kwamba kimoja kilizaa kingine asubuhi yake. Tarehe 12 Desemba 1901, kwenye kilima cha Signal Hill huko Newfoundland, kisiwa ambacho wakati ule hakikuwa sehemu ya Kanada, Marconi na msaidizi wake George Kemp walisikiliza nukta tatu, yaani herufi S katika alama za Morse, zilizorushwa kutoka Poldhu, kusini-magharibi mwa Uingereza. Antena yao ilikuwa waya ulioinuliwa hewani kwa tiara. Sasa fikiria: wanajua ni nukta tatu zinazokuja, na wanajua zinakuja saa ngapi. Kuzitambua katikati ya mikwaruzo katika hali hiyo ni kitu kimoja. Kupokea agizo la magunia 5,000 ya ngano kutoka kwa mtu usiyemjua, na kuapa kwamba yale 5,000 hayakuwa 2,000, ni kitu kingine kabisa. Mfanyabiashara hulipia hicho cha pili.

Kutoka nukta zile hadi huduma ya kulipia ilichukua karibu miaka sita. Ilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 1907 kati ya Clifden, magharibi mwa Ireland, na Glace Bay, Nova Scotia nchini Kanada, kwanza kwa habari za magazeti. Watu binafsi wa London na Montreal wakaruhusiwa mwanzoni mwa 1908. Katika miaka hiyo ya kati fedha ziliteketea. Milingoti ya Poldhu, iliyosimamishwa kwa duara, iling'olewa na dhoruba Septemba 1901, kabla hata ya jaribio lile maarufu. Miezi miwili baadaye ile ya Cape Cod, Marekani, nayo ikaanguka. Mwaka 1903 gazeti la The Times la London lilianza kupokea habari kutoka Glace Bay, na baada ya siku chache tu barafu ikaganda juu ya nyaya za antena, uzito ukazidi, antena nzima ikashuka chini. Huduma ikaishia hapo. Hesabu ya majaribio ya kuvuka bahari hutajwa kuwa takribani pauni 50,000 za wakati ule, na hapo hakuna mteja aliyekuwa amelipa hata senti.

Hebu sasa tuingie ndani ya kituo cha Clifden, maana gharama utaziona kwa macho. Kilijengwa kwenye kinamasi nje ya mji, mahali ambapo gari halifiki, hivyo kampuni ikalazimika kutandika reli yake ndogo kubebea vifaa. Makaa ya mawe yangekuwa ghali kuyafikisha huko, kwa hiyo boila za mvuke zilichochewa kwa udongo wa kinamasi wenyewe, unaokatwa kama matofali, ukaanikwa na kuchomwa. Na hiyo ina maana ya vibarua wa kukata, kuanika na kusomba msimu baada ya msimu. Mvuke ulizungusha jenereta zilizounganishwa mfululizo mpaka zikatoa volti 15,000. Pembeni yake kulikuwa na betri za akiba, seli 6,000 za volti mbili mbili, zote mfululizo. Kila seli ni chombo cha asidi kinachohitaji kukaguliwa na kuongezwa maji. Na kapasita, ile ya kuhifadhi chaji kabla ya cheche kuruka? Haikuwa kifaa cha kukaa mezani. Ilikuwa jengo. Ndani yake zilining'inia safu kwa safu za mabati makubwa yaliyotenganishwa na hewa tu, kwa kuwa vioo vilivyotumika awali vilikuwa vikipasuka kwa nguvu ya umeme. Opereta alipobonyeza kitufe, cheche ililia kwa mlio uliosikika mbali nje ya kuta. Kwenye mlango wa kituo kama hicho mwanafunzi wako angeona mwenyewe bei ya waya ilikohamia.

Mbona ukubwa wote huo? Hapa ndipo fizikia yako inapoingia, na naomba uitumie darasani.

Sababu ya kwanza ni kwamba kipokezi cha wakati huo hakikuwa na kikuza mawimbi. Leo simu yako hupokea ishara dhaifu mno na kuikuza mara mamilioni. Mwaka 1907 nishati iliyotikisa kiwambo cha kisikilizio sikioni mwa opereta wa Glace Bay ilikuwa, kwa vitendo, ileile iliyotoka Ireland, zaidi ya kilomita 3,500. Valvu ya kielektroni ilikuwa imeshabuniwa, lakini kuitumia kukuza ishara kulikuja miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo udhaifu wa mpokeaji ulifidiwa kwa misuli ya mrushaji, na misuli hiyo ilihesabiwa kwa mamia ya kilovati.

Sababu ya pili ni urefu wa wimbi. Mwaka 1902 Marconi alisafiri kwenye meli ya Philadelphia kutoka Uingereza kwenda Marekani huku akisikiliza Poldhu njiani. Mchana ishara zilikata kwenye maili 700 hivi. Usiku alizisikia mpaka karibu maili 2,100. Hakuna aliyejua sababu wakati ule. Leo tunajua kwamba mwanga wa jua hubadilisha tabaka za juu za hewa zenye chaji, na tabaka za chini hunyonya mawimbi mchana. Dawa waliyoipata ni kurefusha wimbi, na kweli mawimbi marefu husafiri vizuri zaidi mchana. Lakini fanya hesabu hii ubaoni: antena ya wima hurusha vizuri ikifikia robo ya wimbi, kwa hiyo wimbi la kilomita 6 lingetaka mlingoti wa kilomita 1.5. Wao walikuwa na milingoti ya mita 60 na kitu. Antena iliyo fupi namna hiyo hurusha sehemu ndogo tu ya nguvu inayopewa, na iliyobaki hupasha joto nyaya na ardhi. Ndiyo maana waliongeza nyaya juu, wakaongeza waya ndani ya udongo, na wakaongeza boila.

Sababu ya tatu ni cheche yenyewe. Cheche ni kama kugonga sufuria: kishindo, kisha mlio unakufa. Kila cheche huzaa kifungu cha mawimbi kinachofifia upesi, na wimbi linalofifia upesi halikai kwenye masafa mamoja, linatapakaa kulia na kushoto. Nguvu nyingi hivyo humwagika mahali ambapo mpokeaji hajatega sikio. Mbaya zaidi, humwagika kwenye masikio ya wengine. Mwaka huo huo wa 1901, kwenye mashindano ya mashua ya America's Cup karibu na New York, makampuni matatu yalijaribu kutuma habari kwa wakati mmoja na yakaharibiana. Miji miwili ikiwa na kituo kimoja kila mmoja hakuna tatizo. Weka miji 10 yenye makampuni matatu na biashara imekufa kabla haijaanza.

Nadhani nimeeleza vya kutosha kuhusu mashine. Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ya muda, nayo haionekani kwenye picha za milingoti. Radi hurusha mawimbi marefu kwa nguvu kuliko mtambo wowote, na kipokezi hakiwezi kutofautisha radi na nukta. Opereta aliyeketi na visikilizio masikioni alisikia mikwaruzo mfululizo, akachuja herufi kwa sikio, na alipotilia shaka neno aliomba lirudiwe. Neno linalorudiwa mara tatu limelipiwa mara moja. Isitoshe, kituo kikirusha hakiwezi kupokea, kwa kuwa kelele yake yenyewe humziba opereta masikio. Hivyo Clifden ilinena, ikanyamaza, ikasikiliza. Tatizo hilo lilitatuliwa mwaka 1913 tu, kwa kujenga vituo vingine tofauti vya kupokelea, Letterfrack upande wa Ireland na Louisbourg upande wa Kanada. Maana yake: ardhi nyingine, majengo mengine, milingoti mingine, waajiriwa wengine. Wakati huo kebo za Atlantiki, ambazo zilikuwa zimezidi 10, zilipitisha ujumbe pande zote mbili kwa wakati mmoja, mchana na usiku, bila kujali mawingu.

Na hata pale ambapo bahari ilivukwa salama, ujumbe ulikuwa haujafika. Mteja yuko London. Kituo kiko kwenye kinamasi cha Ireland. Telegramu ilipelekwa kwa waya wa posta mpaka Clifden, ikaruka bahari, kisha ikapanda waya tena kutoka Glace Bay mpaka Montreal au New York. Huduma isiyo na waya ilikuwa na waya kila upande, na waya hizo zilikuwa za watu wengine, wenye foleni yao na ada yao. Nimeona wanahistoria wengi wakipita hapa haraka. Mimi naona hili ndilo lililoumiza zaidi kuliko dhoruba.

Sasa hujuma. Mwalimu, ipo, ila isibebe lawama isiyo yake. Newfoundland, kampuni ya Anglo-American iliyokuwa na haki ya pekee ya telegrafu kisiwani ilimtishia Marconi kwa sheria siku chache tu baada ya herufi S. Akahamia Kanada, na serikali ya huko ikampa dola 80,000 za kujengea kituo, kwa sharti kwamba ada isizidi senti 10 kwa neno. Kebo ilitoza senti 25, yaani shilingi moja ya Uingereza. Angalia mtego uliomo: ada ya chini iliahidiwa kabla gharama halisi hazijajulikana. Juni 1903, wakati Ambrose Fleming, mshauri wa kisayansi wa kampuni ya Marconi, akitoa mhadhara London kuonyesha jinsi mawasiliano ya Marconi yalivyo salama, mtambo uliokuwa ukumbini ukaanza kuandika neno "panya" kwa lugha ya Kiingereza, tena na tena, kisha mashairi ya kumkebehi Marconi. Aliyeyarusha alikuwa Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe na fundi wa redio, ambaye kampuni ya kebo ya Eastern Telegraph ilikuwa imemwajiri ampeleleze Marconi. Ni uchokozi, sawa. Lakini alichokionyesha kilikuwa kweli: yeyote mwenye kipokezi angeweza kusikiliza, na yeyote mwenye cheche angeweza kuingilia. Benki iliyosikia kisa kile haikuhitaji kushawishiwa na mtu ibaki kwenye kebo.

Silaha kali zaidi ya wenye kebo haikuwa ya siri. Kebo zao zilikuwa zimeshalipiwa. Mwaka 1866 ujumbe wa maneno 20 kuvuka Atlantiki uligharimu pauni 20. Kufikia 1888 neno moja lilikuwa shilingi moja. Aliyekwisha rudisha mtaji anaweza kushusha bei na bado akala. Marconi alipoanza kuwavuta wateja wadogo, wenye kebo kufikia 1912 walikuwa wanatoa nusu ya bei kwa ujumbe usio na haraka, unaosubiri laini iwe wazi. Redio ikapoteza ubora wake mmoja uliokuwa wazi kwa kila mtu, yaani bei.

Umetaja miji, basi nikutajie pia ya nchi kavu, ambako hadithi ni mbili tofauti. Marekani, kampuni ya United Wireless ilisimamisha vituo vingi kuliko ilivyokuwa na biashara, kwa kuwa bidhaa yake halisi ilikuwa hisa. Mlingoti ulikuwa tangazo la kuwauzia wajane na wakulima vyeti. Rais wake, Christopher Columbus Wilson, alihukumiwa mwaka 1911 kwa ulaghai. Fedha za aina hiyo nazo zimo kwenye hesabu ya "gharama za redio", ingawa hazikununua hata msumari. Mwaka huohuo California, kampuni ya Federal ilikuwa inaunganisha San Francisco na Los Angeles kwa mtambo wa Poulsen, unaotoa wimbi endelevu badala ya cheche, na ikatoa maneno 15 kwa bei ya maneno 10 ya waya. Hawa walikuwa waaminifu na fundi wao alikuwa hodari. Hata hivyo walikuwa wanashindana na waya wa nguzoni uliosimama tayari, na punde wakajikuta wanategemea zaidi safari ndefu ya kwenda Honolulu na mikataba ya jeshi la majini.

Kwa majirani zetu wa Kongo mambo yaligeuka. Kati ya 1911 na 1913 Wabelgiji walijenga mfululizo wa vituo kutoka Banana, kwenye mlango wa mto, kupitia Kisangani, Kindu na Kongolo hadi Lubumbashi. Radi za huko ni kali kuliko karibu popote duniani, kwa hiyo vituo viliwekwa kwa umbali mfupi, kila kimoja kikimpokelea mwenzake. Kwa kila neno lililofika ilikuwa kazi ghali. Lakini waya wa kupita msituni uliangushwa na miti na tembo, na kuulinda ilikuwa ghali zaidi. Redio ilifaa hapo kwa sababu hapakuwa na mshindani anayefanya kazi.

Basi ukimrudia mwanafunzi, mwambie ajiweke katika viatu vya wateja tofauti wa mwaka 1908. Mhariri wa gazeti anayepokea habari nyingi, ambaye neno moja likiharibika atalikisia, achukue redio, ataokoa fedha. Dalali wa hisa ambaye dakika 20 zinamfilisi abaki kwenye kebo bila kujiuliza. Mtu anayempongeza mpwawe kwa harusi, redio inamtosha. Na meli iliyo katikati ya bahari haina la kuchagua, ndiyo maana kampuni ya Marconi iliishi kwa meli huku miji ikiila. Mimi ningekuwa na pesa mwaka ule ningenunua hisa za kebo, na ningekuwa sahihi kwa takribani miaka 20.

Kilichobadilisha mambo ni yale mawimbi mafupi ambayo kila mtu alikuwa ameyadharau na kuwaachia watu wa redio ya ridhaa, wanaorusha kwa kujifurahisha tu. Wimbi la makumi ya mita hudundishwa na tabaka za juu za hewa, antena yake ni ndogo kiasi cha kuweza kuelekezwa upande mmoja, na valvu zilikuwa zimeshafika. Kati ya Oktoba 1926 na Septemba 1927 Uingereza iliunganishwa hivyo na Kanada, Australia, Afrika Kusini na India, kwa nguvu ya kilovati 20 hivi badala ya mamia. Safari hii ni kebo zilizoumia, kiasi kwamba mwaka 1929 pande zote mbili ziliunganishwa kuwa kampuni moja, ile iliyokuja kuitwa Cable and Wireless.

Nimalizie na koili yako. Naomba usiiwashe kama mtambo wa kurushia. Koili za zamani hutoa makumi ya maelfu ya volti, mpira wa nyaya zake huwa umeshakauka na kupasuka, na kapasita iliyounganishwa nayo hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Ikiwa kando yake kuna mirija ya kioo iliyotolewa hewa, usiiunganishe kabisa, kwa kuwa baadhi hutoa eksirei. Tena mitambo ya cheche imepigwa marufuku kimataifa, kwa sababu ileile uliyoisoma hapo juu: inavuruga masafa ya kila mtu. Tafuta fundi wa umeme au fundi sanifu wa maabara aje aikague ana kwa ana, na kabla ya kuunganisha antena yoyote ongea na ofisi ya kanda yako ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) au na mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa.

Somo lenyewe unaweza kulifundisha kwa redio ndogo ya betri yenye bendi ya AM. Itege kati ya stesheni, kisha mwanafunzi abofye kiberiti cha gesi, kile cha kutoa cheche, hatua moja kutoka kwenye redio. Watasikia "tak". Zungusha kitafutio hadi mwisho wa bendi huku akiendelea kubofya, na "tak" itawafuata kila mahali. Hapo wameelewa kwa nini miji 10 isingeweza kutumia cheche pamoja. Wape pia kazi ya nyumbani: waorodheshe stesheni za mbali wanazozisikia saa sita mchana na tena saa tatu usiku. Orodha mbili hizo zikifika darasani, weka kando yake namba za meli ya Philadelphia, maili 700 na maili 2,100, na umwachie yule msichana aeleze.